Imbuga: Mwigizaji aliyesema ukweli huku akichekesha

MTO Lwakhakha si mpana. Huteremka kutoka Mlima Elgon ukiitenga Kenya na Uganda, na wakazi wa kingo zake mbili, Wabukusu upande huu na Wamasaaba upande ule, huelewana lugha na huoana bila kujali mahali ambapo wakoloni waliuchora mpaka. Hata hivyo, katika miaka ya sabini mpaka huo ulikuwa na uzito wake. Ng'ambo ya daraja ulikuwepo utawala wa Idi Amin. Upande huu ilikuwepo Kenya ya Mzee Jomo Kenyatta, nchi iliyokuwa na utulivu zaidi, lakini ambayo wabunge wake wawili walikuwa kizuizini kwa sababu ya maneno waliyoyatamka Bungeni.

Mwanzoni mwa mwaka 1977 nchi hizo mbili zilipeleka waigizaji wake katika tamasha moja, mjini Lagos, Nigeria. Kiongozi wa kundi la Uganda, Byron Kawadwa, alirejea nyumbani na mwaka huo huo akauawa. Mmoja wa waandishi wa kundi la Kenya, Francis Imbuga, aliishi miaka mingine 35, akaandika tamthilia nyingi, akafundisha maelfu ya wanafunzi, na akaaga dunia kwa maradhi akiwa profesa anayeheshimiwa. Wote wawili walikuwa wameuchokoza utawala kwa njia ya mchezo.

Makala haya yanaeleza maisha na kazi ya Imbuga, mwana wa Magharibi mwa Kenya ambaye wengi wanamjua kama mwandishi wa kitabu cha mtihani, lakini ambaye kabla ya kuwa mwandishi alikuwa mwigizaji, na aliendelea kuwa mwigizaji hata alipokuwa akiandika. Asiyemtazama kama mtu wa jukwaani hataelewa jinsi alivyofaulu kusema mambo ambayo wenzake waliyalipia kwa kizuizi, kwa uhamisho na kwa uhai.

Kutoka Wenyange hadi Alliance

Francis Davis Imbuga alizaliwa mwaka 1947 katika kijiji cha Wenyange, Maragoli Magharibi, eneo ambalo leo limo katika Kaunti ya Vihiga. Alikulia katika jamii ya Walogoli, ambako hadithi za jioni, nyimbo na vichekesho vya matangani vilikuwa sehemu ya malezi ya kila mtoto. Baadaye alijiunga na Shule ya Upili ya Alliance, huko Kikuyu, mojawapo ya shule zilizokuwa zikiwalea vijana waliotarajiwa kushika nyadhifa za taifa jipya.

Shuleni hapo ndipo kipaji chake kilipojitokeza. Alliance ilikuwa na desturi ya miaka mingi ya kuigiza tamthilia za Shakespeare, na mvulana aliyejua kuigiza hakukosa nafasi ya kujipima mbele ya hadhira. Mwaka 1969, katika Tamasha la Drama la Shule za Kenya, Imbuga alitunukiwa tuzo ya mwigizaji bora.

Ni vyema kulikumbuka hilo. Waandishi wengi wa tamthilia huanza na kalamu, kisha hutafuta watu wa kuyasema maneno yao. Imbuga alianza na mwili wake mwenyewe: sauti, mwendo, na ujuzi wa kusubiri kicheko cha hadhira kimalizike kabla ya kutoa sentensi inayofuata. Alijua kwa uzoefu kwamba hadhira inayocheka huwa imelegeza ulinzi wake, na kwamba neno lililoingia pamoja na kicheko ni vigumu kulirudisha.

Mbele ya kamera za VoK

Kutoka Alliance alijiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi, alikopata shahada yake ya kwanza na ya uzamili katika nusu ya kwanza ya miaka ya sabini. Wakati huo runinga ilikuwa bado chombo kigeni. Nchi nzima ilikuwa na kituo kimoja tu, Sauti ya Kenya, maarufu kama VoK, nacho kilikuwa mali ya serikali. Imbuga alikiandikia kituo hicho michezo mifupi na kuigiza yeye mwenyewe. Michezo aliyokiandikia inahesabiwa kuwa zaidi ya 50.

Kazi hiyo ilikuwa shule ya aina yake. Mchezo wa runinga wakati huo ulipaswa kuwa mfupi, kueleweka mara moja, na kumfurahisha mtazamaji aliyeketi sebuleni pamoja na watoto na wakwe. Na kwa kuwa mwenye kituo alikuwa serikali, aliyetaka kuikosoa serikali alilazimika kuificha hoja yake ndani ya kisa cha mume na mke, cha tajiri na mfanyakazi wake, au cha mlevi anayesema ovyo. Ujuzi huo wa kuficha bila kupoteza ladha ndio Imbuga alioupeleka baadaye jukwaani.

Katika miaka hiyo hiyo alianza kuchapisha. The Fourth Trial ilitoka mwaka 1972, na The Married Bachelor mwaka 1973. Hiyo ya pili aliirudia na kuitoa upya mwaka 1989 kwa jina la The Burning of Rags. Ni kisa cha mtu aliyenaswa kati ya mila za kwao na maisha ya msomi wa mjini. Tamthilia hizo za mwanzo zilihusu nyumba na ndoa zaidi ya Ikulu. Kilichombadilisha ni yale yaliyotokea nchini na ng'ambo ya mpaka katikati ya muongo huo.

Nchi iliyoitwa Kafira

Machi 1975, Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, J.M. Kariuki, aliuawa na mwili wake kupatikana katika milima ya Ngong. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana. Oktoba mwaka huo huo Mbunge wa Butere, Martin Shikuku, alisema Bungeni kwamba kuna watu waliotaka kuliua Bunge kama walivyokiua chama cha Kanu. Alipotakiwa kuthibitisha, Naibu Spika, Jean-Marie Seroney, Mbunge wa Tinderet, alijibu kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Wote wawili walikamatwa na kutiwa kizuizini, wasiachiliwe hadi Desemba 1978, baada ya Mzee Kenyatta kufariki.

Februari 1976, Idi Amin naye alidai kwamba sehemu kubwa ya Magharibi mwa Kenya ilikuwa ardhi ya Uganda. Kwa mkazi wa Nairobi hayo yalikuwa majigambo ya jirani. Kwa mkazi wa Lwakhakha, Sirisia au Malaba, yalimhusu yeye na shamba lake.

Katika mwaka huo wa 1976 ndipo Imbuga alipochapisha Betrayal in the City, ambayo kwa Kiswahili ilikuja kuitwa Usaliti Mjini. Nchi inayosimuliwa humo haimo katika ramani yoyote. Inaitwa Kafira. Msomaji akizipanga upya herufi za jina hilo atapata neno Afrika, na msomaji wa Kiswahili husikia pia mwangwi wa neno kafiri. Kwa kuwa Kafira haiko popote, hakuna afisa wa serikali aliyeweza kusimama hadharani na kulalamika kwamba ni nchi yake iliyosemwa, bila ya yeye mwenyewe kukiri kwamba inafanana nayo.

Kisa chenyewe kinaanza kaburini. Wazee wawili, Doga na Nina, wamefika kwenye kaburi la mwana wao Adika, mwanafunzi aliyepigwa risasi katika maandamano. Kaka yake Adika, Jusper, amemuua muuaji, na watu humwona kuwa ameingiwa na wazimu. Mhadhiri wa chuo kikuu, Mosese, ametupwa jela baada ya kusema ukweli kwenye mazishi ya Adika. Jere, askari mwenye dhamiri, anajikuta katika seli hiyo hiyo. Juu ya wote ameketi mtawala anayeitwa Boss, naye amezungukwa na maafisa wanaogombania zabuni, ikiwemo ya kuuzia chuo kikuu maziwa.

Kisha serikali inaamua kuwatumia wafungwa kuigiza mchezo wa kumkaribisha kiongozi wa nchi nyingine anayezuru Kafira. Wakati wa mazoezi, bunduki zinazodhaniwa kuwa za maigizo zinageuka kuwa za kweli, na Boss anajikuta amekamatwa na waigizaji. Mtu aliyeanza maisha yake ya sanaa kama mwigizaji ndiye aliyeweza kubuni mapinduzi ya namna hiyo: serikali inaangushwa na mchezo wa kuigiza ambao yenyewe iliuagiza.

Nafasi aliyoichagua

Humo ndani yumo mhusika mmoja ambaye wanafunzi hawamsahau hata wakiwasahau wengine wote. Huyo ni Mulili. Ni askari asiye na elimu, binamu ya Boss, anayeongea Kiingereza kilichovunjika na anayewachekesha watazamaji kila anapofungua kinywa. Anataka shamba, anataka ng'ombe, anataka zabuni ya maziwa. Ili aipate anamchongea afisa mwenzake, Kabito, na Kabito anauawa. Na mwishoni, Boss anapowekwa chini ya mtutu wa bunduki, Mulili, aliyekuwa akijigamba kwa ujamaa wao, ndiye anayehimiza auawe. Jusper anampiga risasi yeye badala ya Boss.

Katika maonyesho ya mwanzo ya tamthilia hiyo, Imbuga alicheza nafasi ya Mulili yeye mwenyewe. Angeweza kuwa Mosese, mhadhiri kama yeye, mwenye hotuba nzito za kusifiwa. Angeweza kuwa Jere, askari mwadilifu. Mwandishi huyo alijipa nafasi ya mpumbavu na msaliti.

Uamuzi huo unaonyesha fikira zake. Mosese husema ukweli waziwazi, na watazamaji humwonea huruma kwa mashaka yanayompata. Mulili hajui kwamba anasema ukweli. Anapojisifu kwa yale aliyoyapata kwa sababu ya undugu wake na Boss, anafichua jinsi nchi inavyoendeshwa kuliko hotuba yoyote ya mhadhiri. Watazamaji humcheka, kisha hutulia wanapokumbuka kwamba wao pia wanamjua mtu wa aina hiyo katika tarafa yao, au ofisini kwao. Waswahili husema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Imbuga aliutumia mzaha hivyo hivyo: aliugusa uvimbe kwa ucheshi mpaka ukapasuka.

Ruganda, mwandishi wa tamthilia kutoka Uganda aliyekimbilia Kenya wakati wa Amin na kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, aliandika kitabu kizima kuhusu siasa katika tamthilia za Imbuga, kilichochapishwa mwaka 1992. Jina alilokipa kitabu hicho linabeba wazo hilo hilo la kusema kweli huku mtu akicheka. John Ruganda, aliyefariki mwaka 2007, alikuwa na sababu za kulielewa jambo hilo. Yeye alikuwa ameuvuka mpaka.

Siku chache katika ukumbi wa taifa

Mwaka 1976 Kenya ilizichagua tamthilia mbili kuiwakilisha katika Tamasha la Pili la Sanaa na Utamaduni wa Watu Weusi na Waafrika, lililojulikana kama FESTAC. Moja ilikuwa The Trial of Dedan Kimathi ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo, iliyoelekezwa na Seth Adagala. Ya pili ilikuwa Betrayal in the City, iliyoelekezwa na Tirus Gathwe.

Kabla ya safari, michezo hiyo ilipangiwa kuonyeshwa jijini katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo mwezi wa Oktoba. Ilizuka mvutano mkali, kwa kuwa wasimamizi wa ukumbi walikuwa wameshatoa tarehe nyingi kwa maonyesho ya kigeni. Mwishowe tamthilia hizo mbili ziligawiwa siku chache tu. Miaka 13 baada ya uhuru, Waafrika walilazimika kuomba nafasi katika ukumbi wenye jina la taifa lao. Ngugi aliyasimulia masaibu hayo baadaye katika maandishi yake. Watu walifurika hata hivyo, na ikadhihirika kwamba Wakenya walikuwa na kiu ya kujiona jukwaani.

Tamasha la Lagos lilifanyika kuanzia Januari 15 hadi Februari 12, 1977. Mataifa mengi ya Afrika, pamoja na watu weusi kutoka Marekani, Karibi na kwingineko, yalipeleka wasanii wake. Kenya ilipeleka Kafira. Uganda ilipeleka mchezo wa Kawadwa.

Aliyerudi na asiyerudi

Byron Kawadwa alikuwa mkurugenzi wa Ukumbi wa Taifa wa Maigizo mjini Kampala, na mmoja wa watu waliokuza maigizo kwa lugha ya Kiganda. Mchezo aliokwenda nao Lagos uliitwa Oluyimba lwa Wankoko, mchezo wa nyimbo uliosimulia, kwa mafumbo ya kuku na ua lao, habari za unyang'anyi wa madaraka. Yeye pia aliuficha ukweli wake. Alikuwa mcheshi, na watazamaji wake walicheka.

Baada ya kurudi Uganda alikamatwa na watu wa usalama wa Amin, akauawa. Wakati huo huo, Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum pia aliuawa. Waandishi na waigizaji wengine wa Uganda walikuwa wametawanyika. Robert Serumaga, mwigizaji na mwandishi aliyekuwa na kundi lake mashuhuri, alijiunga na harakati za kumwondoa Amin, akawa waziri kwa muda mfupi mwaka 1979, na akafia Nairobi mwaka 1980.

Habari hizi zinatuzuia tusiufanye ucheshi wa Imbuga kuwa kinga ya kila balaa. Fumbo la Kawadwa halikuwa dhaifu kuliko fumbo la Imbuga. Tofauti kubwa ilikuwa ni mtawala aliyesikiliza. Palipokuwa na Amin, hata kuku wa jukwaani hakuwa salama. Palipokuwa na serikali ambayo bado ilitaka kuonekana ya kiungwana mbele ya dunia, palikuwa na upenyo mdogo, na Imbuga aliujua upana wa upenyo huo hadi inchi yake ya mwisho.

Upenyo huo haukuwa mkubwa hata Kenya. Mwaka huo huo wa 1977, Ngugi aligeukia lugha ya Kikuyu na kuigiza na wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru. Mchezo wao ulipigwa marufuku mwezi wa Novemba, na siku ya mwisho ya mwaka Ngugi akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 Micere Mugo alikimbilia uhamishoni. Mwaka huo pia Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya Kiswahili Kilio cha Haki, alitiwa kizuizini. Imbuga alibaki darasani na jukwaani.

Baada ya Kafira

Hakukaa kimya. Mwaka 1977 alitoa Game of Silence. Mwaka 1979, mwaka mmoja baada ya Kenya kupata Rais mpya, alitoa The Successor, inayohusu mtawala mkongwe na wasaidizi wanaonyemelea kiti chake. Mwaka 1984 aliirudia Kafira katika Man of Kafira, akisimulia yaliyompata Boss baada ya kuangushwa. Amin alikuwa tayari ameshakimbia nchi yake, na wasomaji hawakuhitaji kuelezwa zaidi.

Aminata, iliyochapishwa mwaka 1988, ilitokana na mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake uliofanyika Nairobi mwaka 1985. Humo mwanamke msomi, wakili, ameachiwa ardhi na baba yake mchungaji, na wanaume wa ukoo wanasimama imara kumzuia asiirithi. Suala hilo halikuwa jepesi kwa jamii za Magharibi mwa Kenya ambako mwanamke kudai shamba la babake ilikuwa karibu na laana. Katiba ya mwaka 2010, inayopinga ubaguzi wa kijinsia katika masuala ya ardhi, ilipitishwa zaidi ya miaka 20 baada ya Aminata kusimama jukwaani.

Imbuga alifundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, na kwa kipindi akafundisha Rwanda. Kutokana na kukaa kwake Rwanda aliandika riwaya ya The Miracle of Remera, iliyotolewa mwaka 2004 na kuzungumzia janga la Ukimwi. Riwaya yake ya Shrine of Tears, ya mwaka 1993, inahusu masaibu ya sanaa na maigizo katika nchi ya kubuniwa inayowadharau wasanii wake. Aliyekumbuka mvutano wa Oktoba 1976 aliisoma kwa tabasamu chungu. Tamthilia yake ya The Return of Mgofu ilitoka mwaka 2011. Hiyo ilizungumzia taifa linalojaribu kupona baada ya ndugu kuchinjana, miaka michache tu baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo ziliacha makovu Kitale, Mlima Elgon na kwingineko.

Alifariki Jumapili, Novemba 18, 2012, akiwa na umri wa miaka 65, baada ya kupata kiharusi. Alimwacha mjane, Profesa Mabel Imbuga, ambaye wakati huo alikuwa naibu chansela wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta.

Lawama alizopata

Si wote waliomsifu. Wapo wahakiki waliosema kwamba Imbuga alikuwa mpole mno. Walisema kwamba mwishoni mwa Betrayal in the City Boss hauawi, anayekufa ni kibaraka wake. Walisema pia kwamba nchi isiyo na jina halisi humpa mtawala nafasi ya kucheka pamoja na hadhira, kisha kwenda kulala bila wasiwasi. Na kwa kuwa tamthilia hizo ziliandikwa kwa Kiingereza, walisema, haziwezi kumfikia mkulima wa Chwele au mwuza ndizi wa Lwakhakha kama mchezo wa Kamiriithu ulivyowafikia wakulima wa Limuru.

Lawama hizo zina uzito. Ni kweli kwamba mzaha unaweza kuwa mahali pa kujificha. Lakini Kafira ilifika mahali ambapo mchezo uliopigwa marufuku haungeweza kufika, nako ni darasani. Serikali ile ile iliyowafunga waandishi ilikuja kuitahini Betrayal in the City katika mitihani ya taifa. Vizazi kadhaa vya wanafunzi vimekaa na kujadili, kwa idhini ya Wizara ya Elimu, kwa nini Mosese amefungwa, na ni nani alipewa zabuni ya maziwa. Katika vyumba vya madarasa vya Bungoma na Trans Nzoia, Mulili ameigizwa na wavulana waliovaa makoti ya baba zao, na kila mmoja wao alijifunza alichokijua Imbuga tangu mwaka 1969, kwamba hadhira inayocheka inasikiliza.

Urithi wake mbele ya mahakama

Swali la upana wa upenyo halijaisha. Mwaka 2013, Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere, katika eneo lile lile lililowakilishwa na Martin Shikuku, ilizuiwa kuigiza mchezo wa Shackles of Doom katika fainali za taifa, kwa madai kwamba ulichochea ukabila, na ikabidi Mahakama Kuu iingilie kati ndipo uigizwe. Mwandishi wake alikuwa Cleophas Malala, ambaye baadaye alikuwa Seneta wa Kakamega.

Aprili 2025 shule hiyo hiyo na mwandishi huyo huyo walirudi na Echoes of War. Mahakama iliagiza wasichana waruhusiwe kuigiza katika fainali za Nakuru. Malala alikamatwa kabla ya siku yenyewe, wasichana wakafika ukumbini wakiwa wamenyimwa mwelekezaji wao, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Polisi walirusha vitoa machozi katika eneo la tamasha. Tamasha hilo ndilo lile lile lililompa Imbuga tuzo yake miaka 56 kabla ya hapo.

Ngugi wa Thiong'o alifariki Mei 28, 2025, wiki chache baada ya kisa hicho cha Nakuru. Micere Mugo alikuwa amemtangulia Juni 2023. Katika waandishi watatu waliokwenda na Kenya jukwaani Lagos, hakuna aliyebaki. Kilichobaki ni michezo yao, na vijana wanaotaka kuiigiza.

Imbuga asingewashauri vijana hao wanyamaze. Maisha yake yanaonyesha kwamba aliichukua kazi ya mwigizaji kwa uzito wote: kuusoma uso wa hadhira, kujua ni nani ameketi safu ya mbele, kuchagua nafasi ambayo wengine wanaidharau na kuipa uhai. Maisha ya Kawadwa yanaonyesha kwamba hata anayefanya hayo yote anaweza kuuawa, na kwamba jukumu la kuufanya mchezo uwe salama haliwezi kuachiwa mcheshi peke yake. Mahakama zina sehemu yake, walimu wana sehemu yao, na watazamaji pia.

Leo wanafunzi huvuka daraja la Lwakhakha asubuhi na jioni wakiwa na vitabu mikobani, wengine wakitoka Uganda kuja kusoma Kenya na wengine wakienda upande wa pili. Wakimfungua Imbuga watakutana na Doga na Nina kando ya kaburi la kijana wao, na kurasa chache baadaye watakutana na Mulili. Watacheka. Mwalimu makini atawaacha wacheke mpaka wamalize, kisha atawauliza wanamcheka nani.